Kuazima Kitabu Kilicho Maktaba ya Mbali

Ndugu wanafunzi wa uzamili na uzamivu, asanteni kwa kuitikia mwito. Nimeombwa nieleze namna ya kutumia huduma ya kuazimana vitabu baina ya maktaba, na kwa kuwa wengi wenu mmetoka Afrika Mashariki na sasa mnasoma huku Marekani, mifano yangu nitaichukua katika tafiti zenu wenyewe, ambazo hunifikia mezani kila wiki katika fomu zilizojazwa nusunusu.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili kinatofautisha kukopa na kuazima: aliyekopa unga hurudisha unga mwingine, lakini aliyeazima sufuria hurudisha sufuria ileile. Huduma hii ni ya sufuria. Kitabu kinachoshuka hapa kutoka jimbo jingine ni mali ya maktaba isiyokujua wewe hata kwa jina; inachokijua ni chuo chetu, na chuo ndicho kilichojiweka dhamana. Mengi yanayowaudhi wanafunzi yanatokana na hapo: tarehe ya kurudisha hupangwa na mwenye kitabu, kuongezewa muda ni hiari yake, na kitabu kikipotea, bei atakayoitaja yeye ndiyo utakayodaiwa wewe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1876 Samuel Green, mkutubi wa mji wa Worcester katika jimbo la Massachusetts, alipendekeza hadharani kwamba maktaba ziazimane vitabu. Kwa miaka mingi baadaye, hata hivyo, mkutubi alilazimika kupekua orodha zilizochapishwa ili ajue nani ana kitabu gani, kisha aandike barua na kusubiri. Kilichogeuza mambo ni orodha ya pamoja ya kompyuta. Shirika la OCLC, ambalo ni ushirika wa maktaba, lilianzishwa Ohio mwaka 1967, orodha yake ikaanza kutumika kwa mtandao mwaka 1971, na mwaka 1979 likaongeza mfumo wa kupeleka maombi humohumo. Leo ombi lako likipita mezani kwangu hupangiwa msururu wa maktaba zenye kitabu hicho. Ya kwanza ikikataa au ikinyamaza kwa siku kadhaa, ombi linahamia ya pili lenyewe, bila mimi wala wewe kugusa kitu.

Ndiyo maana nasema kwamba kasi ya huduma hii imo mikononi mwa anayejaza fomu kuliko mwa anayeipokea. Mashine husafirisha ulichoandika, si ulichokusudia. Nilipokuwa mwanafunzi niliomba kitabu chenye majuzuu mawili bila kutaja juzuu. Baada ya siku kumi na moja likaja la kwanza, nami sura niliyoitaka ilikuwa katika la pili. Sikuwa na wa kumlaumu.

Tuchukue mfano. Mwenzenu mmoja aliandika katika fomu: “Mambo Leo, makala kuhusu kilimo, miaka ya ishirini.” Mambo Leo lilikuwa gazeti la kila mwezi, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, na liliendelea kwa miongo kadhaa. Maktaba iliyo nalo haitamweka mtu afungue matoleo themanini hivi kumtafutia makala isiyo na kichwa. Tulikaa pamoja, tukarudi kwenye kitabu alikoiona makala hiyo ikitajwa, tukashuka hadi tanbihi, na humo tukapata mwezi, mwaka na ukurasa. Ombi jipya lilikuwa mstari mmoja tu, na nakala ilifika katika wiki hiyohiyo. Kumbukeni pia kwamba ISBN (namba ya kutambulisha kitabu) na ISSN (ya kutambulisha jarida au gazeti) hazitawasaidia kwa machapisho ya kale kama hayo, kwa sababu namba hizo zilianza kuenea karibu na mwaka 1970. Badala yake nakilini namba ya rekodi iliyo katika orodha ya OCLC, kwani hiyo haichanganyi toleo na toleo. Majina nayo yana mitego yake. Mwandishi mwenye “bin” au “al-” katika jina lake anaweza kuwa ameorodheshwa chini ya sehemu yoyote ya jina hilo, kwa hiyo mkimkosa, msikate tamaa kabla ya kujaribu kila kipande.

Makala au sura moja ya kitabu huja kama nakala ya kielektroniki, mara nyingi ndani ya siku chache, na hairudishwi. Sheria ya hakimiliki inaweka mipaka hapa: kwa mujibu wa mwongozo wa CONTU, tume ya Marekani iliyoshughulikia hakimiliki na teknolojia mpya, maktaba ya Marekani inaruhusiwa kuomba nakala tano kwa mwaka kutoka jarida moja, kwa makala zilizotoka ndani ya miaka mitano iliyopita, na zikizidi hapo hulipiwa ada. Tukikuuliza kama makala ya sita unaihitaji kweli, usidhani tunakubania.

Vipo visivyotoka kabisa: miswada ya mkono, vitabu adimu, kamusi na marejeo mengine yanayosomewa ndani. Magazeti ya kwetu, kwa upande mwingine, yana njia nzuri ambayo wengi hawaijui. Tangu mwaka 1963 maktaba kadhaa za Marekani zimekuwa zikichanga fedha katika mradi wa CAMP kukusanya machapisho ya Afrika na kuyapiga picha katika filamu ndogo (microfilm), na filamu hizo hutunzwa Chicago katika Center for Research Libraries, ambako huazimishwa kwa vyuo wanachama. Ni ajabu kidogo, nakiri, kusoma gazeti la nyumbani ukiwa umevaa koti la baridi.

Kitabu kikifika kitakuwa kimevishwa ukanda wa karatasi kwenye jalada, wenye namba ya ombi na tarehe ya kurudisha. Msiung’oe, hata kama unaficha picha nzuri, maana bila huo hatujui kitabu kirudi kwa nani. Kirudisheni mkononi kwenye meza yetu, si katika sanduku la tawi jingine, wala msikitume wenyewe kwa posta. Filamu hazitoki nje: husomwa kwa mashine zilizo ghorofa ya chini, nazo ni mbili tu, hivyo wekeni nafasi siku moja kabla.