Ufalme Walioungoja Wakristo wa Kwanza

Mabibi na mabwana, wazee wetu, vijana, asanteni kwa kuja.

Nitaanzia shambani. Kaisari Domitian, aliyetawala Roma kati ya mwaka 81 na 96, alisikia kuna watu wa ukoo wa Daudi wangali hai huko Palestina. Walikuwa wajukuu wa Yuda, ndugu yake Yesu. Mtawala yeyote akisikia habari za ukoo wa kifalme haketi akatulia, basi wakaletwa mbele yake. Habari hii ilisimuliwa na Hegesippus, mwandishi Mkristo wa kale, na aliyetuhifadhia ni Eusebius, mwanahistoria wa kanisa. Kaisari akawauliza mali zao. Wakajibu kuwa wote pamoja wana shamba moja, thamani yake dinari 9,000, wanalima wenyewe na kodi wanalipa. Wakamwonyesha viganja vilivyoota sugu. Na huo ufalme wa Kristo je? Wakasema si wa dunia hii, unatoka mbinguni, nao utadhihirika mwisho wa nyakati, atakapokuja kuwahukumu walio hai na wafu. Domitian akawadharau, akawaachia waende zao.

Mimi nadhani Kaisari alipitiwa. Alisikia neno "mbinguni" akapumua, kana kwamba ufalme wa mbinguni hauna neno na ufalme wake. Nasi tumerithi masikio yake. Msibani tunaomba Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi, na habari inaishia hapo. Lakini sala tuliyofundishwa yasema ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe hapa duniani. Anayesafiri ni ufalme, unatujia sisi.

Justin, mwalimu aliyeuawa Roma yapata mwaka 165, alikuwa mkali mno katika hili. Katika mjadala wake na Myahudi Trypho anasema: ukikutana na watu wanaojiita Wakristo, nao wanadai hakuna ufufuo wa wafu, ila roho zao huchukuliwa mbinguni mara wanapokufa, usiwahesabu kuwa Wakristo. (Naona baadhi yenu mnatazamana. Nami niliposoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa.) Kwake kifo kilikuwa adui wa kushindwa, na mwili ulikuwa wa kurudishwa. Alitazamia hata miaka elfu katika Yerusalemu iliyojengwa upya, ingawa alikiri kuwa Wakristo wengine wema hawakukubaliana naye.

Mtu anayeamini hivyo anasimamaje mbele ya hakimu? Twende Carthage, Tunisia ya leo, tarehe 17 Julai mwaka 180. Liwali Saturninus ameletewa watu wa mji mdogo uitwao Scilli. Kumbukumbu ya shauri lao ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo kwa Kilatini. Saturninus hakuwa mtu katili. Aliwataka waape tu kwa roho ya ulinzi ya Kaisari, yaishe. Msemaji wao, Speratus, akajibu: ufalme wa dunia hii siutambui. Kisha akaongeza jambo ambalo mwasi wa kawaida asingelisema: sijaiba, na nikinunua kitu ninalipa ushuru, kwa kuwa namjua Bwana wangu, mfalme wa wafalme. Mwanamke aitwaye Donata akasema heshima kwa Kaisari kama Kaisari, bali hofu ni kwa Mungu. Liwali akauliza wana nini kwenye kile kisanduku. Speratus akajibu: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Akawapa siku 30 za kufikiri. Wakazikataa, jambo lenyewe ni la haki mno, la kushauriana ni lipi? Wakahukumiwa upanga, watu 12, wanawake 5 na wanaume 7.

Haki yao haikuwa ya mahakamani peke yake. Tertullian, mwandishi Mkristo wa mji huohuo wa Carthage, anaeleza mfuko wa kanisa: kila mwezi mtu hutoa kwa hiari, nazo fedha hulisha na kuzika maskini, hutunza yatima, watumwa wazee, waliovunjikiwa na merikebu, na waliofungwa kwa ajili ya imani.

Kuhusu amani hawakuwa na sauti moja. Mwaka 295, huko Theveste, Algeria ya leo, kijana Maximilian wa miaka 21 alikataa kuandikishwa jeshini. Akaambiwa: mbona Wakristo wamo hata katika walinzi wa makaisari? Akajibu, wao wanajua linalowafaa. Akauawa. Hakuwalaani wenzake, na sentensi yake naipenda kuliko vitabu vingi vya maadili.

Mwaka 314, miaka 19 tu baadaye, Kaisari Constantine akiwa ameshaupendelea Ukristo, maaskofu walikutana Arles, Ufaransa ya leo, wakaamua kuwa askari anayetupa silaha wakati wa amani azuiwe meza ya Bwana. Na mwaka 325 Constantine aliwaalika maaskofu karamuni. Walipita katikati ya walinzi wenye panga wazi wakaingia kula naye. Eusebius, yuleyule aliyetuhifadhia habari ya wakulima wale wa ukoo wa Daudi, anaandika kuwa mtu angedhani anauona mfano wa ufalme wa Kristo.

Nani ana swali?