Punje Moja Katika Kilo Kumi: Safari ya Sumukuvu kutoka Udongoni hadi kwenye Ini

Mwenyekiti, maafisa ugani, wauguzi na waganga, ndugu zangu wafanyabiashara wa nafaka: habari za asubuhi. Kwa kuwa ukumbi huu umechanganya watu wa shamba na watu wa hospitali, naomba nianze na hesabu inayowahusu wote.

Punje moja ya hindi ina uzito wa kama gramu 0.3. Maabara zimewahi kupima punje mojamoja na kukuta nyingine zina sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu, zaidi ya mikrogramu 400,000 kwa kilo, yaani ppb 400,000 kwa lugha ya vipimo. Ukikokotoa, punje hiyo moja imebeba mikrogramu 120 za sumu. Itie kwenye kilo 10 za mahindi safi, saga, changanya vizuri. Unga wote umefika ppb 12. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ppb 10 kwa jumla ya aflatoksini, na 5 kwa ile kali zaidi iitwayo B1. Kwa hiyo punje moja kati ya elfu thelathini na zaidi inatosha kuharibu kilo 10 zote kisheria, na zile nyingine zote ni nzima, nyeupe, zinang'aa.

Shikeni hesabu hiyo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini tatizo hili halimalizwi sokoni kwa kipimo wala jikoni kwa moto. Linamalizwa kabla mahindi hayajachanua, na katika wiki chache zinazofuata mavuno. Baada ya hapo mengi tunayofanya ni kupunguza hasara.

Anayetengeneza sumu hii ni kuvu, hasa Aspergillus flavus, na katika karanga pia ndugu yake Aspergillus parasiticus. Dunia ilimfahamu vizuri mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa chakula chenye mashudu ya karanga kutoka Brazili. Lakini kuvu mwenyewe si mgeni. Anaishi udongoni, kwenye magunzi na mabua yaliyobaki shambani, akila masalia kama kuvu wengine. Mahindi yakitoa ndevu, vumbi la mbegu zake hupeperushwa na upepo likatua juu yake na kuteremka hadi kwenye punje. Njia ya pili ni tundu lililotobolewa na funza wa mahindi.

Mmea ulioshiba maji hujitetea. Ukipigwa na ukame wakati punje zinajaa, ulinzi wake hushuka, ganda la punje hupata nyufa, na joto la nyuzi 28 hadi 30 ndilo kuvu analolipenda zaidi kwa kutengeneza sumu. Ndiyo maana Dodoma, Manyara na Ukambani hutajwa kila mara, wakati nyanda za juu zenye baridi na mvua husumbuliwa zaidi na kuvu wa jamii ya Fusarium na sumu yao, fumonisini. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Kuvu wa jina moja hawafanani tabia. Wapo wasioweza kabisa kutengeneza sumu, kwa sababu sehemu ya jeni za kazi hiyo imekatika au imeharibika. Wapo wanaotengeneza kidogo. Na lipo kundi linaloitwa S, lenye vijiwe vidogo vyeusi vya kujihifadhi, ambalo humwaga sumu nyingi kupindukia. Watafiti walipochunguza mahindi ya Ukambani baada ya maafa ya mwaka 2004, kundi hilo ndilo lililotawala.

Maafa hayo yalileta wagonjwa 317 na vifo 125, wengi wao Makueni na Kitui. Yalipolinganishwa mahindi ya nyumba zenye wagonjwa na ya majirani wasiougua, ya wagonjwa yalikuwa na wastani wa ppb 354, ya majirani 44. Tazameni hiyo 44: hata aliyeitwa mzima alikuwa anakula zaidi ya mara nne ya kiwango. Mahindi yenyewe mengi yalikuwa ya shambani kwao, yamevunwa na mvua isiyo ya msimu, yakaingizwa ndani ya nyumba yakiwa mabichi. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20.

Sasa dawa ya shambani. Kama udongo una kuvu wenye sumu na wasio na sumu, basi mpeleke asiye na sumu mapema na kwa wingi. Ni kama daladala: aliyewahi kituoni ndiye aliyekaa, na mwenye fujo akija anakuta viti vimejaa. Bidhaa inayofanya kazi hiyo kwetu ni Aflasafe, iliyotengenezwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani na watafiti wa nchi zetu. Ya Kenya inaitwa KE01, ya Tanzania TZ01. Kila moja ina aina nne za kuvu wa nchi husika wasiotengeneza sumu. Msivushe mpaka mkidhani ni ile ile.

Utaiona kama mtama uliopakwa rangi ya bluu. Mtama umeuawa kwa joto usiote, kazi yake ni kubeba kuvu na kumpa chakula cha kuanzia. Kipimo ni kilo 10 kwa hekta, yaani kilo 4 kwa ekari, unarushwa kwa mkono huku unatembea, wiki 2 hadi 3 kabla ya mbelewele kutokeza. Palilia kwanza, rusha baadaye. Ukirusha ndipo ukaja na jembe, umeufukia, na kuvu aliyefukiwa hatoi vumbi la kufika kwenye ndevu. Usirushe juu ya udongo mkavu: bila unyevu mtama hukaa tu, na ndege, panya na sisimizi wanakula mtaji wako. Usichanganye na mbolea. Ukichelewa hadi ndevu zimekauka, umetupa pesa. Ikifanyika sawasawa, sumu hupungua kwa asilimia 80 na zaidi, na ulinzi unaingia na punje hadi ghalani.

Nawaomba maafisa ugani mseme pia yale ambayo muuzaji hayasemi. Aflasafe haizuii mahindi kuoza. Mkulima akihifadhi mahindi mabichi yatavunda kama kawaida, na fumonisini haiguswi hata kidogo.

Mavuno. Hindi limekomaa pale unapobandua punje ukakuta alama nyeusi kwenye kitako chake, pale liliposhikana na gunzi. Wakati huo bado lina maji asilimia 30 au zaidi. Kuliacha shambani mwezi mzima likauke lenyewe ni kulikabidhi kwa wadudu na mvua ya ghafla, na likianguka likagusa udongo, ni heri ulitenge palepale. Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya ardhi tupu. Tandaza punje unene wa sentimita 3 hadi 5, geuza kila baada ya nusu saa au saa, funika kabla jua halijazama kwa sababu punje hunywa unyevu wa usiku. Lengo ni asilimia 13.5.

Wasio na mashine hutumia chupa na chumvi. Chukua chupa kavu ya lita moja yenye kifuniko, jaza mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani au kwenye sufuria, tikisa dakika 2 hadi 3, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya 15. Hapa ndipo wengi wanakosea: chini ya 15 si sawa na 13.5. Baada ya kipimo hicho kukubali, anika tena siku moja au mbili za jua kali ndipo ufunge. Na chumvi yenyewe ikiwa na unyevu, itaganda hata mahindi yakiwa makavu kama kokoto.

Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Kaza kila nailoni peke yake: sokota, kunja, funga kwa kamba. Wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa. Ila dumuzi, huyu wanayemwita Skania, aliyeingia kutoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, anaweza kutoboa nailoni. Mfuko uliotobolewa ni mfuko wa kawaida uliouziwa bei kubwa.

Karanga zina balaa lake: kulowesha maganda maji ili yabanguliwe kirahisi. Kazi yote ya kukausha inafutwa kwa ndoo moja. Kisha zile zilizosinyaa na kubadilika rangi, zilizokataliwa na mnunuzi, ndizo zinazosagwa siagi ya karanga na unga wa lishe wa watoto, ambamo zinakutana na mahindi. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu mlaji wake ana kilo nane.

Wafanyabiashara, nanyi mna swali: kwa nini maabara mbili zinatoa majibu mawili kwa shehena moja? Rudini kwenye ile punje. Aliyechota kilo moja pembeni anaweza kuikosa kabisa, mwenzake akaipata. Kosa kubwa limo kwenye uchotaji, si kwenye mashine. Kwa magunia 10 au pungufu, choma bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, kwenye kila gunia. Kuanzia 10 hadi 100, chagua 10 bila upendeleo. Zaidi ya 100, chukua kipeuo cha pili cha idadi yake: magunia 400, choma 20. Bambo liingie juu, katikati na chini. Unganisha yote, saga yote hadi yawe laini kama kahawa ya unga, changanya, ndipo utoe kidogo cha kupima. Anayepunguza kwanza ndipo asage anacheza bahati nasibu.

Jikoni, moto hausaidii. B1 huyeyuka karibu na nyuzi 268, na sufuria ya ugali haipiti 100. Kinachosaidia ni kuchambua: toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi. Kukoboa nako hupunguza, kwani sumu nyingi hukaa kwenye kiini, ile sehemu inayoota, na kwenye ganda. Maana yake dona ya mahindi mabaya ni mbaya kuliko sembe yake, ingawa dona ya mahindi mazuri ina lishe zaidi. Na pumba zinakwenda wapi? Kwa ng'ombe. Ndani ya saa 24 sumu inatokea kwenye maziwa ikiwa na sura ya M1, kama asilimia 1 hadi 6 ya alichokula. Ukiacha kumlisha, maziwa husafika baada ya siku tatu au nne.

Mwilini, B1 haina makali mpaka ini liiguse. Vimeng'enya vya ini, vikijaribu kuiondoa, huigeuza kuwa umbo linalojibandika kwenye guanini, moja ya herufi nne za DNA, na mara nyingi kovu linabaki mahali pamoja mahususi, kodoni (kifungu cha herufi tatu) ya 249 ya jeni p53, ile inayozuia seli zisizaliane ovyo. Virusi vya homa ya ini B vikiwepo, hali hubadilika kabisa. Utafiti wa Shanghai ulikuta aliyekula sumukuvu peke yake ana hatari ya saratani ya ini mara 3.4, mwenye virusi peke yake mara 7.3, mwenye vyote viwili karibu mara 60. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B, inayotolewa ndani ya pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, wiki ya 6, 10 na 14, ni kinga dhidi ya sumukuvu pia. Kuhusu udumavu, watafiti Benin na Togo waliona watoto wenye sumu nyingi damuni ni wafupi zaidi, lakini kama sumu ndiyo chanzo au ni umaskini uleule unaoleta vyote viwili, wataalamu bado wanabishana.

Wauguzi, namalizia kwenu. Sumu nyingi kwa mkupuo haingoji saratani. Mtu hukosa hamu ya kula, hutapika, tumbo linauma, macho yanakuwa ya njano, miguu inavimba, tumbo linajaa maji. Kiuasumu hakipo, ni kumsaidia mgonjwa huku ini likipambana. Wakija wawili wa nyumba moja, hasa watoto, na hawana homa ya kueleza manjano hayo, toeni taarifa wilayani siku hiyohiyo bila kungoja wa tatu, na mwulize mama wanakula mahindi gani, yalihifadhiwa wapi, nani mwingine anakula. Mahindi yaondolewe nyumbani na familia ipewe mengine, la sivyo watayarudia usiku, kwani hawana kingine. Msiruhusu yapewe kuku wala bata: bata hufa haraka kuliko mnyama yeyote wa bandani. Chukueni sampuli ya kilo mbili au zaidi, kutoka sehemu mbalimbali za gunia, muitie kwenye mfuko wa karatasi wenye tarehe na jina la kijiji. Msitumie nailoni: unyevu unanaswa ndani, kuvu anaendelea na kazi njiani, na maabara itapima sumu iliyotengenezwa kwenye basi.