Hesabuni Siku Kurudi Nyuma

Habari za asubuhi, ndugu zangu wa maduka ya dawa. Glasi hii sikuja nayo kunywea maji. Leo nasema juu ya madoa ya ngozi yanayoletwa na dawa, pale mishipa midogo ya damu inapovimba na kuumia.

Mteja anaingia dukani, anapandisha gauni kidogo, anaonyesha miguu. Madoa yametapakaa kuanzia vifundoni kwenda juu. Anadhani ni mbu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi. Doa huwa la zambarau iliyokolea. Basi pitisheni kidole: limeinuka kama punje ya mtama. Kisha bandikeni glasi, mbonyeze. Upele wa kawaida wa mzio hufifia. Hili halifutiki, maana damu imeshavuja nje ya mshipa. Kwa mtu mweusi tii glasi nayo hudanganya, ndiyo maana nimeanza na kidole.

Mwili umeikataa dawa, ukatengeneza kingamwili, zikagandamana nayo na kuelea kwenye damu. Miguuni, ambako damu hupanda kwa shida, mabonge hayo hutuama kwenye kuta za mishipa midogo. Chembe nyeupe huja kuyashambulia, na ukuta wa mshipa unaumia humo humo.

Kwa kawaida hilo huchukua siku 7 hadi 21 tangu mtu aanze dawa. Hapo ndipo tunapokosea wengi, na mimi nimo. Unamuuliza, “Unatumia dawa gani?” Anajibu, “Situmii kitu.” Wala hadanganyi: amoksilini aliimaliza wiki jana. Muulizeni alimeza nini wiki tatu nyuma, hata kama ni vidonge viwili vya maumivu, diklofenaki, alivyopewa na jirani. Septrini, antibiotiki nyingine, pia imo. Hidralazini ya presha ni jeuri zaidi, huweza kukaa miezi, hata miaka, ndipo ilete balaa.

Ila tusiionee dawa. Huyo wa amoksilini alikuwa na koo linalouma, na vijidudu vya koo navyo huleta madoa yale yale.

Tafadhali, msimuuzie prednisoloni, ile steroidi ya kutuliza uvimbe. Aende akapimwe mkojo. Figo zikiguswa haziumi, damu na protini ndizo zinazosema. Akiwa na homa au tumbo linamkata, ni hospitali leo leo. Dawa ya presha au kifafa msimwachishe ninyi, daktari ndiye aamue. Dawa yenye kosa ikishaachwa, mara nyingi madoa huisha ndani ya wiki chache, weusi ukabaki. Jina la dawa hiyo liandikwe kwenye daftari lake la kliniki, kwa wino.

Naam, dada wa pale nyuma, uliza.