Mani planti ina majani ya njano? Weka kopo la maji chini kwanza

Kabla ya kumwagilia mmea huu wa ndani unaotambaa, tazama jani la njano limekaa wapi. Likiwa moja tu, la chini kabisa, liache, limezeeka. Kwenye mmea tunaoukagua hapa ni manne ndani ya wiki moja, na shina limelegea, kwa hiyo tunaingia kwenye udongo.

Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kimetoka na tope. Laza chungu, kigonge ubavuni, vuta bonge zima. Mzizi wenye afya ni mweupe na mgumu. Huu ni wa kahawia, ukiubana ganda linavuka kama soksi na kubaki uzi, tena unanuka. Umeoza kwa kukosa hewa. Mzizi uliooza haunywi, ndiyo maana mmea unanyong'onyea kama wenye kiu huku umekaa majini, na mwenye nyumba anazidi kumimina.

Kwa Mwanza, kagua udongo wenyewe. Ule mweusi wa mbuga mpunga unaupenda, lakini ndani ya chungu unashikana na kutuamisha maji. Kata mizizi iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti (utomvu unawasha, nawa mikono). Changanya makopo mawili ya udongo tifutifu, moja la mchanga wa luseni (udongo wa kichanga, kwa Kisukuma), moja la maganda ya mpunga yaliyounguzwa. Panda upya humo; ndoo tupu ya rangi inafaa kuwa chungu, mradi uitoboe chini.

Sasa madoa. Doa la majimaji lenye duara la njano mara nyingi ni bakteria: kata jani, litupe mbali, na ukimwagilia usilowanishe majani. Doa kavu lililopauka, upande wa dirishani tu, ni jua. Hili huwachanganya wengi, maana chungu hakijahamishwa. Jua ndilo lililohama: mwezi Juni linapita kaskazini mwetu, Desemba kusini, na dirisha lililokuwa na kivuli linaanza kuchoma. Sogeza chungu ndani mita moja.

Vidoti vidogo vilivyopauka jani zima? Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likitembea, ni utitiri. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, futa hasa chini ya majani, rudia kila baada ya siku tano, mara tatu, kwa sababu sabuni haiui mayai.

Jani lililokwisha kuwa njano halirudi kijani. Funga uzi kwenye kikonyo cha jani changa la juu, na hilo ndilo la kuangalia wiki zijazo.