Kabla ya kuwasha flashi, washa tochi ya simu: kupiga picha velveti, vimagamba na gunia la korosho

Habari zenu wadau, karibuni tena studio. Tupo Chikongola, Mtwara, chumba ni kilekile: mita 3 kwa 4, dari nyeupe, na feni nimeizima kwa sababu inapeperusha nguo. Kwa hiyo mkiniona natoka jasho msishangae.

Leo mdogo wangu atavaa nguo tatu. Gauni la velveti nyeusi, ile ambayo bibi zetu waliita mahameli. Gauni la sendi-ofu lenye vimagamba vinavyong'aa kuanzia kifuani hadi miguuni. Na hili koti hapa, limeshonwa kwa gunia la korosho. Ndiyo, gunia. Fundi alicheka alipopelekewa, lakini subirini.

Vifaa ni vichache. Flashi 2, softiboksi 1 ya sentimita 90 (boksi la kitambaa cheupe linalolainisha mwanga wa flashi), na boksi la friji nililolikunjua nikalipaka rangi nyeupe upande mmoja, nyeusi upande wa pili. Kamera iko ISO 100 (wepesi wake wa kupokea mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), na kasi ya shata, yaani pazia la ndani ya kamera, ni sekunde 1/160. Hiyo kasi usiipandishe hovyo: kwa kamera nyingi ukishapita 1/200 au 1/250 utaona utepe mweusi umekata picha. Flashi yako ni nzima, ila shata imeanza kujifunga kabla haijafunguka yote, kwa hiyo mwanga wa flashi haufiki kote.

Sasa hatua ya kwanza, na hii wengi mnairuka. Zima taa zote, washa tochi ya simu, halafu itembeze kwenye nguo. Tazameni velveti. Nikimulika kutoka mbele, hakuna kitu, shimo jeusi tu. Nasogea ubavuni... nasogea tena, karibu nyuma yake... mmeona? Mikunjo yote imejichora. Nyuzi za velveti zimesimama kama majani shambani. Mwanga wa mbele unazama katikati yake haurudi, ule wa ubavuni unagonga nyuzi pembeni ndipo zinang'aa.

Somo hili nilililipia. Niliwahi kumpiga picha binti mmoja aliyevaa velveti nyeusi, softiboksi uso kwa uso. Picha zilipotoka, mama yake akazitazama kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na gauni liko wapi?" Kichwa na mikono vilikuwa vinaelea.

Basi softiboksi naiweka mbele kwa pembeni, kwa ajili ya uso tu, nguvu ndogo. Flashi ya pili, tupu, yaani bila softiboksi, inakaa nyuma ya bega lake la kushoto, juu kidogo ya kichwa, inatazama nguo. Upande mweusi wa boksi naukinga hapa ili mwanga usiingie kwenye lenzi. Kabla ya kupiga, yeye mwenyewe apitishe kiganja kwenye gauni kutoka juu kwenda chini. Nyuzi zikilala huku na huku, nguo itaonekana ina mabaka.

Haya, kabadilishe, mdogo wangu.

Vimagamba ni kesi nyingine kabisa. Kila kimoja ni kioo kidogo, na kioo kinaonyesha kile kilicho mbele yake. Ukikiwekea softiboksi kubwa, kinaonyesha weupe wa softiboksi, na gauni zima linafanana na sufuria mpya. Taa ndogo tupu ndiyo inayoleta nyota. Kwa hiyo softiboksi inasogea karibu na uso, mita 1 hivi, na flashi tupu inakwenda hadi ukutani, mita 3, ubavuni. Kumbukeni, ukizidisha umbali mara mbili mwanga unabaki robo, kwa hiyo hapo nimepandisha nguvu kidogo.

Sasa geuka taratibu, kama umeitwa na mtu usiyemtaka. Hivyo hivyo! Mimi napiga mfululizo, maana nyota zinahama kila anapopumua. Na hapa sogezeni macho: chini ya kidevu chake kuna vidoa vyekundu. Huo si upele, ni vimagamba vinarusha mwanga juu. Usimwachie mhariri kazi hiyo. Sogeza flashi tupu kuelekea nyuma yake, vidoa vinatoka kidevuni vinaenda ukutani. Ukuta hauna neno.

La mwisho, gunia. Ndani kuna kitambaa cha kanga, la sivyo juti ingemwasha asitulie. Nyuzi zilizochomoza nazitoa kwa selotepu. Hapa softiboksi naitoa kabisa. Flashi tupu inakaa ubavuni kabisa, mwanga unapita juu ya nguo kama unaikwangua, na kila uzi unajitupia kivuli chake. Upande wa pili naweka boksi, ule weupe, ili koti lisigawanyike nusu nyeusi. Shida ni kwamba mwanga huu hausamehi ngozi, basi uso augeuzie kwenye taa, mwili ubaki ulipo. Jasho la puani: bonyeza kwa tishu, usifute, utaondoka na poda.

Tazameni bega hapo. Hilo gunia msimu uliopita lilikuwa ghalani.

Mnasikia huo mlio? Ni LUKU, mita ya umeme, uniti zinaisha. Mdogo wangu, napiga mbili za haraka hapohapo, usisogee.