Fundo Baina ya Lulu na Feruzi

Assalaam alaykum kina mama, kina dada, na mafundi mlioketi kule nyuma. Leo tunatunga kidani cha lulu na feruzi, fundo baina ya kila punje. Nianze na uzi, maana ndio unaokatika.

Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, lulu iko baina ya 2.5 na 4.5, feruzi, lile jiwe la samawati, 5 hadi 6. Zikigusana, feruzi huikwaruza lulu kila mvaaji akigeuza shingo. Fundo huzitenga. Na uzi ukikatika katikati ya harusi, huanguka punje moja, wala hamtainama chini ya viti kutafuta zote.

Hesabuni mafundo kabla ya kununua. Kidani cha sentimita 45, pamoja na kifungo chake, chenye punje za milimita 6 hutaka kama punje 64, kwani kila fundo hula karibu milimita 0.8. Ukisahau mafundo ukatunga 72, utatoka na kama sentimita 50.

Uzi uwe wa hariri, mita mbili, unyooshwe kwanza. Unene hufuata tundu jembamba kuliko yote: lulu nyingi hupokea milimita 0.6. Punje tatu za kila mwisho hupitishwa uzi mara mbili, kwa hiyo zipanueni matundu kwa kekee ya mkono, lulu ikiwa imeloweshwa. Kekee kavu huipasha moto, na vumbi lake si la kuvuta puani.

Sasa fundo lenyewe, tazameni mikono yangu. Zungusha uzi vidoleni upate kitanzi, pitisha kidani chote ndani yake. Usivute bado! Tia ncha ya sindano ndani ya kitanzi, kisukume taratibu mpaka kiguse punje, kisha chomoa sindano huku ukucha wa kidole gumba ukilisukuma fundo. Mkivuta mapema, fundo hukaza mbali na punje, nafasi ikabaki wazi, na hariri iliyokaza haifunguki bila kuchanika.

Feruzi ina tabu yake: tundu lake mara nyingi ni pana, fundo huzama. Wengi hupiga fundo la pili juu ya la kwanza, likakaa upande. Afadhali kijishanga cha fedha cha milimita 2 kila upande. Na kingo za tundu zisuguliwe kwanza, zina makali ya kukata hariri.

Mkinunua, tieni kiondoa rangi ya kucha kwenye pamba, mguse karibu na tundu. Rangi ikitoka, ni jiwe jeupe lililotiwa rangi. (Isiguse lulu kabisa.)

Kwa joto letu hili la Mombasa, jasho na marashi hula ngozi ya lulu, na mafuta ya nazi hugeuza feruzi kuwa kijani. Kwa hiyo marashi kwanza, kidani mwisho. Ukivua, kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukilaze hadi kikauke. Kisitundikwe, hariri iliyolowa hurefuka.