Bangkok Siku Tatu Mkiwa Wawili: Joto Ndilo Linalopanga Ratiba

Haya ndugu zangu wa nyumbani, karibuni. Leo tunaongelea Bangkok, mji mkuu wa Thailand, ya wawili, siku tatu. Najua mtu wa Dar au Mombasa ataniambia, "Joto? Joto gani utakalonitisha nalo?" Tulia. Kwetu kuna upepo wa bahari. Bangkok imekaa ndani kidogo, zege juu ya zege, hewa imejaa unyevu, jasho linatoka halikauki. Mwezi wa nne nyuzi 35 na zaidi ni kawaida. Kama mnaweza kuchagua, nendeni kati ya Novemba na Februari. Mvua ni Mei mpaka Oktoba, na mara nyingi inamwagika alasiri.

Kabla hamjapanda ndege. Ukitokea Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, cheti cha homa ya manjano ni lazima, na chanjo iwe imetimiza siku 10. Mkishuka, msikimbilie foleni ya uhamiaji. Anzeni dirisha la afya, lipo kabla yake, wakague cheti. Wengi wanapanga foleni nzima, wanafika mbele wanarudishwa nyuma. Halafu kuna fomu ya kuingilia nchini ya mtandaoni, TDAC, ilianza Mei 2025. Kila mmoja anajaza yake ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti ikiwadai hela, si ya serikali, ifungeni. Na plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kule, bebeni adapta.

Hela: chukueni dola, noti safi za 100, maana noti ndogo zinapewa bei ya chini. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, shukeni mpaka chini kabisa kwenye treni, maduka ya kubadilisha pesa ya pale yana bei nzuri kuliko yale ya ukumbi wa kuwasili. Mashine za benki zinakata baht (pesa ya Thailand) 200 na ushee kwa kila muamala wa kadi ya kigeni, kwa hiyo toeni mara moja, kiasi cha kutosha. Mashine ikikuuliza kama ikufanyie hesabu kwa sarafu ya kwenu, kataa. Hapo ndipo wanapokula.

Kutoka uwanjani, treni mpaka kituo cha Phaya Thai mjini ni baht 45 kwa kichwa, kama nusu saa hivi. Wawili ni 90. Teksi ya mita inaanzia 35, ongeza 50 ya uwanja wa ndege, ongeza ada za barabara za kulipia ambazo ni juu yenu. Kwa hiyo mkiwa na begi dogo, treni. Mkiwa na masanduku mawili na mmefika usiku wa manane, teksi haina ubishi. Bolt pia ipo kule, programu ileile mnayoijua.

Sasa kosa la wawili: kadi moja ya treni haiwapitishi wote. Mmoja akishagusa akaingia, kadi ileile haimwingizi mwenzake. Kila mtu na yake, hata kwenye MRT, treni za chini ya ardhi, zinazopokea kadi ya benki moja kwa moja. Na ndani ya behewa kiyoyozi kinauma, wekeni mtandio mwepesi kwenye begi.

Siku ya kwanza ni ya mahekalu, na inaanza mapema. Kasri Kuu, lililoanza kujengwa 1782, linafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na tiketi zinaisha kuuzwa saa tisa na nusu. Kuweni mlangoni kabla halijafunguliwa. Kiingilio ni baht 500 kila mmoja. Mavazi: mabega na magoti yafunikwe. Mwanamume, kaptula hapana. Mwanamke, kutupia mtandio juu ya blauzi isiyo na mikono mara nyingi hakukubaliki, wanataka nguo yenye mikono yake. Dera jepesi la pamba linamaliza kesi yote. Mkishachoka na jua, tiketi hiyohiyo inawaingiza makumbusho ya vitambaa ya Malkia Sirikit, ndani ya uzio uleule, yana kiyoyozi. Watu wengi wanayapita tu.

Nje ya kasri atakuja bwana nadhifu, mpole, atawaambia, "Leo pamefungwa, kuna ibada," kisha atawaonyesha bajaji ya baht 20 itakayowazungusha. Hapajafungwa. Mwisho wa safari hiyo ni duka la vito au la fundi suti, na dereva anapata chake. Watu wa Arusha nyie mnaojua mawe, msijitie ujuaji, piteni.

Hekalu la Wat Pho lipo kusini ya kasri, dakika 10 kwa miguu, baht 300. Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46. Nendeni mpaka nyayoni: kuna michoro 108 iliyotiwa lulumizi, inang'aa kweli. Badilisheni noti ya 20 kwa sarafu ndogo, mnatumbukiza moja moja kwenye vyungu 108 vya shaba ukutani, ndio ule mlio mnaousikia tangu mlangoni. Viatu mnavua. Mkikaa chini, nyayo zenu zisimwelekee Buddha.

Saa sita mchana acheni. Rudini hotelini, laleni, ogeleeni. Kati ya saa sita na saa tisa mji ni wa wenyewe.

Kunyweni maji kabla ya kiu. Chumvi ya kuongeza maji mwilini inauzwa kila duka la dawa, lakini angalieni pakiti: nyingi ni za glasi moja, si za lita kama za kwetu. Ukiitia kwenye lita umekunywa maji matupu. Mapaja yanayosuguana, pakeni mafuta ya mgando kabla ya kutoka, si baada ya kuchubuka. Mwenzio akianza kizunguzungu na kichwa kuuma, kivulini na maji. Akianza kuongea visivyoeleweka na ngozi inaunguza, hilo si la kusubiri, pigeni 1669.

Jioni ni mto. Gati la Sathorn lipo chini ya kituo cha treni cha Saphan Taksin. Pandeni boti yenye bendera ya chungwa, baht 16 popote mnaposhuka. Pale gatini kuna watu watawasukumia boti ya watalii yenye bei mara kadhaa. Ndani, konda anapita na mkebe mrefu wa chuma anautikisa, sarafu zinalia, mnajua zamu yenu imefika. Shukeni gati la Tha Tien, mtazame hekalu la Wat Arun ng'ambo jua likizama nyuma yake. Kivuko cha kuvuka ni baht 5.

Chakula: msifuate harufu ya mishikaki kwa kukurupuka, ile ya mtaani kwa kawaida ni nguruwe. Neno la nguruwe ni "mu". Mnaotaka halali, Sukhumvit Soi 3/1 ni mtaa wa Waarabu, pilau na nyama choma mpaka usiku. Yaowarat, mtaa wa Wachina, nendeni usiku wowote isipokuwa Jumatatu, wachuuzi wengi hawapo. Wali wa kunata wa nazi na embe hauhitaji maelezo kwa mtu wa pwani.

Asubuhi ya pili, bustani ya Lumphini kabla jua halijapanda. Kenge wakubwa kama mbwa wanakatiza njia, hawana habari na mtu. Msiwalishe.

Kitu kimoja kitawafurahisha: usiku, Wathai wanahesabu saa kama sisi. Saa tatu usiku kwao ni "sam thum", na "sam" ni tatu. Ila wametutangulia saa nne, kwa hiyo wakisema tatu, nyumbani ni saa kumi na moja jioni. Siku ya tatu, mkiwa mnaondoka jioni, teksi sahauni, barabara imeziba. Treni ya baht 45 ileile.